Mtoto mchanga wa bluu asiyelia: uzi kuhusu mishipa mikuu ya moyo iliyobadilishana mahali

Mwanzisha uzi (daktari wa watoto)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Wiki iliyopita, tulipokuwa tunakabidhiana zamu, muuguzi mmoja kijana aliniita pembeni akaniuliza: "Daktari, huyu mtoto wa kitanda cha tatu ana saa ishirini tangu azaliwe, ananyonya, halii, mapafu yanasikika safi, lakini oksimita inasoma 76. Nitafute kihisio kingine?" Oksimita ni kifaa kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu kupitia kihisio kinachofungwa kwenye ngozi. Nilimwambia akiache kihisio kilipo. Swali hilohilo niliwahi kuulizwa nilipokuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi, na siku ile nilijibu kwamba kibadilishwe.

Mtoto yule wa kwanza alikuwa wa kiume, alizaliwa kwa wakati wake akiwa na kilo 3.2, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi naye hadi jioni ya siku ya pili. Tulibadilisha kihisio mara tatu. Tulimwekea oksijeni, namba ikapanda kutoka 74 hadi 77, ikakwama hapo. Kwa kuwa alikuwa anapumua haraka, tuliandika kwamba huenda ana maambukizi ya damu au ya mapafu, tukamwanzishia antibayotiki, tukakubaliana kwamba picha ya kifua isubiri asubuhi. Kilichonidanganya ni utulivu wake. Alikuwa anapumua mara 70 kwa dakika, lakini mbavu hazikuwa zinaingia ndani, pua hazikutanuka, wala hakuwa anaguna. Alfajiri aliacha kunyonya, ngozi ikawa ya kijivu na ya baridi, na kabla ya saa nne asubuhi alikuwa amefariki. Mama yake alikuwa bado yuko chumba cha pili, akimkamulia maziwa. Jibu tulilipata baadaye: aota (mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini) na ateri ya mapafu (mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye mapafu) zilikuwa zimebadilishana mahali.

Naomba nieleze kasoro hii inavyofanya kazi, kwa sababu anayeielewa hatashangazwa na namba ya oksimita.

Katika moyo wa kawaida, damu iliyokwisha kutumika mwilini huingia upande wa kulia, husukumwa kwenda kwenye mapafu kuchukua oksijeni, hurudi upande wa kushoto, ndipo husukumwa mwilini kupitia aota. Katika kasoro hii, aota imeota kutoka ventrikali (chumba cha chini cha moyo, kinachosukuma damu) ya kulia, na ateri ya mapafu imeota kutoka ventrikali ya kushoto. Kwa hiyo kunakuwa na mizunguko miwili isiyokutana: damu isiyo na oksijeni inatoka mwilini na kurudishwa mwilini vilevile ilivyo, na damu iliyojaa oksijeni inatoka kwenye mapafu na kurudishwa kwenye mapafu. Ukimwongezea mtoto oksijeni, unaiongeza kwenye damu ambayo tayari imeshiba na ambayo haifiki kwenye ubongo wala figo.

Tumboni hali hii haimdhuru, kwa kuwa kazi ya mapafu hufanywa na kondo la nyuma, na ndiyo maana watoto hawa huzaliwa na uzito mzuri na hulia vizuri. Baada ya kuzaliwa, uhai wao hutegemea mahali ambapo damu za pande mbili zinaweza kuchanganyika. Kuna tundu la ovali kati ya atiria mbili za juu, kuna mrija mfupi unaounganisha aota na ateri ya mapafu (wengi tunauita dakti), na kwa baadhi yao kuna tundu kwenye ukuta kati ya ventrikali. Dakti kwa kawaida hujifunga ndani ya siku 1 hadi 3. Mtoto ambaye hana tundu kwenye ukuta wa ventrikali, na ambaye tundu lake la ovali ni dogo, huanza kuzidiwa saa hizohizo ambazo familia nyingi zinaruhusiwa kurudi nyumbani.

Takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo ya aina moja au nyingine, na hii ninayoizungumzia huchukua karibu asilimia 5 ya kasoro hizo. Huwapata zaidi watoto wa kiume. Isipotibiwa, karibu theluthi moja ya watoto hufariki katika wiki ya kwanza, nusu katika mwezi wa kwanza, na tisa kati ya kumi kabla ya kutimiza mwaka. Ikitibiwa kwa wakati katika kituo chenye uzoefu, zaidi ya asilimia 95 hupona upasuaji. Sijui ugonjwa mwingine mwingi wa watoto ambao tofauti kati ya kuutambua na kutoutambua ni kubwa kiasi hiki, na ambao muda wa kuamua unahesabiwa kwa saa.

Mkunga

Asante daktari kwa kuwa mkweli kuhusu mtoto yule. Mimi nahudumia wodi ya wazazi na nina maswali mawili. La kwanza, watoto wengi wachanga huwa na viganja na nyayo za bluu siku ya kwanza, na wakishapata joto hali hiyo huisha. Tunatofautishaje? La pili, kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, je, jicho peke yake linatosha?

Mwanzisha uzi

Jicho peke yake halitoshi, dada, wala si kwa mtoto mweusi tu. Rangi ya bluu huonekana pale ambapo kiasi cha hemoglobini isiyobeba oksijeni kimefika gramu kadhaa katika kila desilita ya damu, na kwa mtoto mchanga hiyo inaweza kumaanisha kwamba kiwango cha oksijeni kimeshashuka hadi asilimia 80 hivi bila mtu yeyote kugutuka. Mtoto mwenye upungufu wa damu anaweza kushuka zaidi ya hapo na bado akaonekana wa kawaida. Bluu ya viganja na nyayo pekee, mtoto akiwa na joto na ulimi wake ukiwa mwekundu, haina shida. Bluu ya ulimi na fizi ni jambo jingine kabisa. Fungua mdomo wa mtoto mbele ya dirisha, kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa nyingi za wodini hudanganya rangi. Ulimi unaoelekea zambarau, hata kama midomo ina rangi yake ya kawaida, unatosha kukufanya ukimbilie oksimita.

Oksimita nayo ina udhaifu wake: kwa ngozi nyeusi huwa inasoma juu kidogo kuliko ukweli, hasa viwango vinaposhuka. Kwa hiyo ukipata 88 kwa mtoto mweusi, fikiria kwamba damuni huenda ni pungufu ya hapo.

Utaratibu unaotumika katika nchi nyingi ni kumpima kila mtoto anayeonekana mzima, kati ya saa 24 na 48 tangu azaliwe au kabla hajaruhusiwa, kwenye mkono wa kulia na kwenye mguu mmoja. Mkono wa kulia huchaguliwa kwa sababu damu yake hutoka kwenye aota kabla ya mahali dakti inapojiunga. Usomaji wa 95 au zaidi sehemu zote mbili, usiopishana kwa zaidi ya 3, unaridhisha. Usomaji wowote chini ya 90 ni wa kuchukuliwa hatua papo hapo. Ukiwa kati ya 90 na 94, au mkono na mguu vikipishana kwa zaidi ya 3, rudia baada ya saa moja, na hali ikibaki ileile, mtoto asiruhusiwe kabla hajachunguzwa.

Kuna jambo dogo ambalo napenda kila mkunga alijue. Mguu ukisoma juu kuliko mkono, usidhani umekosea kuandika. Karibu hakuna hali nyingine inayofanya hivyo isipokuwa mishipa iliyobadilishana mahali ikiambatana na shinikizo kubwa kwenye mapafu au na aota iliyobanwa: damu yenye oksijeni inavuka dakti kuelekea miguuni, wakati kichwa na mikono vinapata damu isiyo nayo.

Daktari wa hospitali ndogo

Mkuu, nakubaliana na yote, ila hebu tushuke chini kidogo. Kwangu hakuna kipimo cha eko (altrasaundi ya moyo) wala daktari wa moyo. Nina mashine ya picha, nina stetoskopu, na prostaglandini (dawa ya dripu inayoizuia dakti isifunge) nikiomba naletewa. Nikisikiliza kifua cha mtoto wa namna hii nitasikia nini? Na kweli nianze dawa yenye uwezo wa kumsimamisha mtoto kupumua, bila kuwa na picha ya moyo mkononi?

Mwanzisha uzi

Swali lako ndilo kiini cha uzi huu, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa kirefu.

Kwenye stetoskopu mara nyingi hutasikia sauti yoyote ya ziada, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa tumezoea kwamba moyo wenye kasoro lazima uvume. Unachoweza kugundua ni kwamba pigo la pili la moyo ni moja, tena la nguvu, kwa kuwa aota imekaa mbele, karibu na mfupa wa kifua. Kipimo cha umeme wa moyo kinaweza kuwa sawa kabisa na cha mtoto mwingine yeyote wa siku mbili. Picha ya kifua ina umbo linalosifika vitabuni, la yai lililoning'inizwa kwenye uzi, kwa sababu mishipa imepangana mbele na nyuma na shingo ya moyo inaonekana nyembamba, lakini watoto wengi hawana umbo hilo. Picha iitumie zaidi kujiridhisha kuhusu mapafu: mapafu safi kwa mtoto mwenye 75 yanakuelekeza kwenye moyo.

Halafu kuna jaribio la oksijeni. Mpe mtoto oksijeni ya asilimia 100 kwa dakika 10, kisha upime gesi za damu kutoka ateri ya mkono wa kulia. Shinikizo la oksijeni likivuka milimita 150 za zebaki, tatizo liko zaidi kwenye mapafu. Likibaki chini ya 100, na kwa watoto hawa mara nyingi hubaki chini ya 50, una sababu nzito ya kuamini kwamba ni kasoro ya moyo. Ukikosa kipimo cha gesi, oksimita inayokataa kupanda imekwambia jambo karibu lilelile.

Kuhusu prostaglandini, msimamo wangu ni huu: mtoto wa siku chache, mwenye oksijeni ya chini isiyopanda, mwenye mapafu yasiyoelezea hali hiyo, aanzishiwe dawa, na eko ifuate. Nasema hivyo nikijua madhara yake. Karibu mtoto 1 kati ya 10 husimama kupumua kwa vipindi, hasa wenye uzito chini ya kilo 2, na wengine hupata homa, wekundu wa ngozi, au kushuka kwa shinikizo la damu. Hata hivyo, kusimama kupumua tunajua kukushughulikia: ambu (mfuko wa kumsukumia hewa kwa mkono) na barakoa inayomwenea viwe kitandani kabla dripu haijafunguliwa, na awepo mtu ambaye hatatoka pale. Dakti iliyofunga haina ambu.

Dozi ya kuanzia kwa mtoto aliyezidiwa huwa mikrogramu 0.05 hadi 0.1 kwa kila kilo kwa dakika, na ikishafanya kazi hupunguzwa. Kwa mtoto ambaye bado yuko imara wengi huanza na 0.01 tu, ambapo hatari ya kusimama kupumua ni ndogo. Dawa huisha mwilini ndani ya dakika chache, kwa hiyo dripu isikatike njiani. Njia mbili za dripu ziwe wazi kabla ya gari kuondoka. Lengo ni 75 hadi 85, mikono iwe na joto na mkojo utoke. Usihangaike kutafuta 95, hutaipata.

Wako watoto wachache ambao prostaglandini haiwasaidii au huwazidishia, kwa mfano wale ambao veni za mapafu (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo kutoka mapafu) zimeungana mahali pasipo pake na zimebanwa. Mapafu yao kwenye picha hujaa maji. Na wako wenye kasoro hii hii ambao dakti inafunguka, damu inamiminika kwenye mapafu, lakini tundu la ovali ni dogo kiasi kwamba damu nyekundu haipati pa kuvukia. Mtoto ambaye ameshapata dawa na bado yuko 60 anahitaji tundu hilo lipanuliwe siku hiyohiyo, kwa hiyo liseme hilo wazi unapopiga simu ya rufaa.

Mama wa mtoto aliyepona

Nimesoma uzi wote nikilia kidogo. Wangu alipanuliwa hilo tundu akiwa na siku moja. Nilisimama nje ya mlango wenye kioo. Niliona watu watano wameinamia kitu kidogo sana, wote wakitazama skrini, kisha mkono wa daktari ukarudi nyuma kwa ghafla, mara moja tu, na chumba kizima kikanyamaza kusubiri namba. Muuguzi alinigeukia akanionyesha vidole: nane, kisha mbili. Mwanangu alikuwa 58 nilipofika mlangoni.

Leo ana miaka sita. Naomba kuuliza mambo ambayo kliniki huwa hayapati nafasi: kwa nini upasuaji ulifanywa haraka hivyo, siku ya tisa, wakati alikuwa ameshatulia? Na je, moyo wake sasa ni mzima kabisa?

Mwanzisha uzi

Mama, asante kwa kutuandikia. Ulichokiona ni katheta (mrija mwembamba) iliyopitishwa kwenye mshipa wa kitovu au wa nyonga, ikavuka tundu la ovali hadi atiria ya kushoto, puto lake likajazwa mililita chache za maji ya chumvi, kisha likavutwa kwa nguvu ili lipasue ukuta. William Rashkind na William Miller waliieleza njia hii mwaka 1966 huko Philadelphia, wakati ambapo kufungua kifua cha mtoto wa siku moja kulikuwa karibu sawa na kumpoteza. Leo mara nyingi hufanyika palepale kitandani kwa kuongozwa na eko.

Haraka ya upasuaji ilitokana na ventrikali ya kushoto. Misuli ya moyo hunenepa au hupungua kulingana na mzigo. Kwa mtoto wako, ventrikali ya kushoto ilikuwa inasukuma damu kwenye mapafu, na shinikizo la mapafu hushuka wiki baada ya wiki baada ya kuzaliwa. Mkimwacha mwezi mmoja au miwili, ventrikali ile inakuwa imesinyaa, na siku ikiunganishwa na aota haitaweza kuubeba mwili. Kwa hiyo watoto wasio na tundu kwenye ukuta wa ventrikali hupasuliwa ndani ya wiki mbili au tatu za kwanza. Wenye tundu kubwa wana nafasi zaidi, kwa kuwa shinikizo la pande mbili linalingana, ila nao wakicheleweshwa miezi mingi mishipa ya mapafu huharibika.

Katika upasuaji wenyewe, mtoto huwekwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, mishipa mikuu hukatwa juu ya vali, na kila mmoja hushonwa kwenye shina la mwenzake. Sehemu hiyo si ngumu kuliko zote. Ugumu uko kwenye ateri za koronari, ambazo hulisha moyo wenyewe na upana wake kwa mtoto mchanga ni kama milimita 1 hadi 2. Hizo hukatwa pamoja na kipande cha ukuta mfano wa kifungo cha shati, kikahamishiwa kwenye aota mpya, na hazitakiwi kujipinda wala kuvutika hata kidogo. Kabla ya hapo, Åke Senning mwaka 1959 na William Mustard mwaka 1963 walikuwa wamebuni njia za kugeuza mkondo wa damu ndani ya atiria, zikaokoa maelfu, lakini ventrikali ya kulia ilibaki ikiusukumia mwili maisha yote na kwa wengi ilichoka ukubwani. Adib Jatene wa São Paulo ndiye aliyefanikiwa kuhamisha mishipa pamoja na koronari, mwaka 1975, na njia hiyo ndiyo aliyofanyiwa mwanao.

Swali lako la mwisho nalijibu bila kukupamba maneno. Moyo wake sasa unafanya kazi kama unavyopaswa, na watoto wengi wa namna yake hukimbia, husoma na hukua hadi utu uzima. Hata hivyo si moyo wa kusahauliwa. Ateri ya mapafu inaweza kubana pale iliposhonwa, shina la aota linaweza kutanuka, na koronari zinaweza kuziba polepole bila maumivu, kwa kuwa neva zilizokatwa wakati wa upasuaji hazimpi kila mtoto onyo la kifua kuuma. Akizimia wakati wa mchezo, au akianza kuchoka kuliko wenzake, mlete siku hiyohiyo. Jambo moja zaidi, ambalo nadhani madaktari wa moyo tunalisema kwa uchache mno: ubongo wa watoto hawa hupitia siku ngumu kabla na wakati wa upasuaji, na baadhi yao hupata shida ya umakini, ya kuongea au ya kuandika wanapoanza shule. Mwalimu akikuambia kwamba mtoto ni mzembe, omba kwanza apimwe.

Mtaalamu wa altrasaundi

Naongeza upande wetu. Tulipofundishwa kumwangalia mtoto tumboni, kati ya wiki ya 18 na 22, tuliambiwa tuhakikishe vyumba vinne vya moyo. Katika kasoro hii vyumba vinne mara nyingi viko sawa kabisa, na mtu anaandika "moyo wa kawaida" kwa dhamiri safi. Inabidi kusogeza kipimo kidogo kuelekea kichwani na kuifuata mishipa inavyotoka. Katika moyo wa kawaida inapishana kama mikono iliyokunjwa kifuani. Hapa inatoka sambamba, kama reli mbili. Ni sekunde chache zaidi, na zinampa mama nafasi ya kujifungulia mahali ambapo katheta iko tayari.

Muuguzi wa wodi ya watoto wachanga

Mrejesho, kwa ruhusa ya daktari na ya wazazi. Ni mimi niliyeuliza kuhusu kihisio. Mkono wa kulia ulisoma 76 na mguu 81. Tuliweka njia mbili za dripu, tukaanzisha prostaglandini kwa 0.01, ambu ikakaa kwenye mto wake. Alisimama kupumua mara moja usiku, nikamgusa nyayo akaendelea. Eko ilifanyika kesho yake, tundu la ovali likakutwa linatosha, kwa hiyo hakuhitaji puto. Amepasuliwa juzi akiwa na siku nane. Kifua kiliachwa wazi kwa saa 24 kwa sababu ya uvimbe, kimefungwa jana jioni, na leo asubuhi oksimita inasoma 98, mkono na mguu.

Mama yake ameniuliza kama kihisio ni kizima.